Samaki wa Mama Mchungaji

Mara ya kwanza kuongea nami, aliniambia kwamba gauni nililomshonea mke wa mwenyekiti wa wazee wa kanisa lilimfanya yule mama aonekane kama gunia la maharage lililofungwa kamba katikati. Kisha akaniletea samaki.

Nilikuwa nimehamishia cherehani yangu karibuni kwenye chumba nyuma ya nyumba ya mchungaji, hapa Kibondo, na kati yetu palikuwa na ua wa michongoma tu. Nilidhani samaki ni wa kuomba radhi. Nilipomzoea nikaelewa kwamba mke wa mchungaji hakuwa na desturi ya kuomba radhi. Samaki alikuja kwa sababu alikuwa amebaki, nami nilikuwa karibu. Nilimla mpaka nikanyonya miiba. Gauni nalo nililifumua nikalishona upya, maana alichosema kilikuwa kweli. Hilo ndilo lililokuwa baya zaidi kwake. Angekuwa mwongo, tungemsamehe mapema.

Tulimwita Mama Mchungaji. Jina lake lingine nililisikia likitajwa hadharani mara moja tu, siku ya maziko ya mumewe, na wengi wetu tuligeuka kutazama ni nani huyo anayetajwa.

Alikuwa mwembamba, mrefu, mwenye shingo ya kuangalia juu ya nyua za watu. Alizungumza Kiswahili kile chetu cha huku, chenye Kiha na Kirundi ndani yake kama mawe kwenye mchele, na alipokasirika mawe yalizidi mchele. Kwenye ibada alikaa benchi la mbele upande wa kushoto, na mhubiri mgeni alipovuka muda wake, yeye alifungua mkoba, akatoa miwani, akaivaa, akamtazama. Nimewaona wahubiri wakubwa, watu waliosafiri kwa ndege, wakiruka kutoka pointi ya pili hadi sala ya mwisho kwa sababu ya ile miwani.

Lakini sifa yake ilikuwa samaki wa kubanika.

Sisi watu wa nyanda za juu samaki tunamjua zaidi akiwa mkavu. Maharage ndiyo yetu, na dagaa, na mihogo. Samaki mbichi anapanda kutoka Kigoma kwenye basi, ndani ya sanduku la barafu, na akifika Kibondo huwa ameshaona mengi. Mama Mchungaji alikwenda stendi mwenyewe. Alifunua mashavu ya samaki, akamnusa, akambonyeza tumbo, na kutoa taarifa kwa sauti ambayo wanunuzi wengine wote waliisikia. "Huyu amekufa juzi, tena kwa huzuni. Huyu hapa hata Kigoma walimkataa. Nipe yule wa chini, unayemficha." Muuzaji alimtoa yule wa chini. Siku moja nilimuuliza muuzaji kwa nini anavumilia mateso hayo, akasema, "Dada, huyu akinunua kwangu, wengine wote wananunua bila kuuliza."

Alimpenda kuhe kuliko samaki wote. Akimkosa alichukua migebuka. Sato alimwita samaki wa watu wenye haraka. Kuhe wake alimpasua mgongoni, akamchanja mbavuni, akampaka chumvi, ndimu, tangawizi na saumu, akamwacha kivulini afikiri. Ndivyo alivyosema: "Mwache afikiri." Makaa aliyangoja mpaka yavae majivu. Hapo tena wavu uliwekwa, na samaki akalala juu yake akipakwa mawese kidogo kwa unyoya wa kuku, na moshi ukavuka michongoma ukaingia chumbani kwangu, ukakaa kwenye vitambaa vya wateja. Nimewahi kumkabidhi bi harusi gauni lililonukia kuhe. Hakulalamika. Bwana harusi ndiye aliyesema kwamba hajawahi kuona harusi inayotia njaa kiasi kile.

Alikuwa na sheria moja aliyoirudia kila mara: samaki hugeuzwa mara moja tu. "Kama mwenye dhambi," alisema. "Akigeuka mara moja, amegeuka. Akigeuka kila Jumapili anavunjika vipande, na hapo hafai tena hata kwa supu." Akisema hivyo alitazama upande wa kwaya, na mimi niliimba sauti ya pili, kwa hiyo nilijua ananiambia nini.

Na chatne. Hapa ndipo kanisa lilipogawanyika.

Chatne alijifunza Kasulu alipokuwa mwari, kabla ya kuolewa, kwa mama mmoja Mwislamu mwenye duka, ambaye wazazi wake walitoka mwambao. Mama Mchungaji alisaidia pale dukani, na baadaye jikoni, na alichotoka nacho si mshahara tu. Alikata karoti, vitunguu, hoho, nyanya mbichi, na nyanya chungu zetu hizi tunazoziita intore, vyote vidogo vidogo. Akakaanga bizari nyembamba, giligilani na haradali mpaka mbegu zianze kuruka. Akatia tangawizi, saumu, mboga, maji ya ukwaju, sukari ya kubembeleza na pilipili ya kutobembeleza, ile tunayoiita urusenda. Aliiacha ichemke polepole hadi mafuta yajitenge na mboga zibaki na ugumu kidogo wa kutafuna. Ukiila peke yake ilikufanya ulie. Ukiila na samaki ilikufanya uombe msamaha kwa samaki wote uliokwisha kula bila hiyo.

Basi wakatokea watakatifu waliosema kwamba chakula kile si cha nyumba ya mchungaji. Harufu ile ni ya msikitini, walisema. Mzee mmoja alilileta jambo hilo mezani kwake, mdomo ukiwa umejaa.

"Mama Mchungaji, hii bizari... mimi najiuliza tu, inafaa?"

"Baba," akamjibu, akimwongezea kijiko kingine, "bizari haijabatizwa na haijasilimu. Iko njia panda, inasubiri mtu kama wewe uihubirie. Kula, uihubirie tumboni."

Yule mzee alikula. Akahubiri mara mbili.

Nisije nikawaonea wazee wa kanisa. Walikuwa watu wenye bidii. Walikuwa na kamati ya ujenzi, kamati ya fedha, kamati ya maadili, na kamati ya kuangalia kamati zile. Vikao vyote vilifanyika nyumbani kwa mchungaji, na kwa uongozi wa Roho ambao sijawahi kuuelewa, vikao viliangukia siku ambazo basi la Kigoma limeleta samaki wazuri. Walifika na Biblia kwapani, wakauliza hali ya mchungaji, wakanusa. Waliketi sebuleni. Mama Mchungaji alipita kwa magoti akiwanawisha mikono mmoja mmoja, mwanamke yuleyule aliyetuambia sisi kwenye mkutano wa akina mama kwamba goti la mwanamke liliumbwa kwa ajili ya Mungu na kwa ajili ya kupalilia, basi. Nikamuuliza. Akasema, "Mimi nikipiga magoti nawaona vizuri miguuni. Mtu anaweza kuficha uso, lakini soksi haidanganyi."

Walipomaliza, walisimama, wakajifuta, wakamgeukia mumewe. "Mchungaji, asante. Umetulisha." Mchungaji aliyapokea hayo kwa unyenyekevu mkubwa, kana kwamba ni yeye aliyeshinda juani stendi akibishana na sanduku la barafu. Kwa miaka yote niliyokaa pale sikumsikia mzee hata mmoja akiingia jikoni kusema neno. Mama Mchungaji alikula mwisho, akiwa amesimama, mkia na kile kilichobaki kwenye mgongo wa samaki, na alisema mkia ndio mtamu. Labda ni kweli. Sijawahi kumwona mzee wa kanisa akiuchagua.

Mume alikuwa mtu mwema. Lazima niseme hivyo, maana ni kweli, na pia kwa sababu ukimsema vibaya mbele ya mkewe ulikiona. Alikuwa na uso wa mviringo, na sauti kama maziwa ya moto, na hakuweza kumnyima mtu. Alitoa shati lake. Alitoa baiskeli. Alitoa mbegu za mahindi za mke wake, msimu wenyewe ukiwa mlangoni. Kitu kimoja tu hakukitoa, na hicho ni jibu kuhusu nyumba.

Mama Mchungaji alitaka wajenge. Nyumba waliyokaa ilikuwa ya kanisa, kila mtu alijua, hata mijusi. Alimwambia mumewe jikoni, nami nilikuwa ng'ambo ya ua nikipiga pindo, masikio yangu yakiwa hayana la kufanya.

"Baba, tununue hata kiwanja. Hata chumba kimoja."

"Mama, nyumbani mwa Baba yetu mna makao mengi."

"Huko mbinguni sawa. Lakini hapa Kibondo mvua inanyesha."

Mchungaji alicheka kile kicheko chake kizuri. Alikuwa na hakika kwamba watu aliowazika, aliowabatizia watoto, aliowatolea shati, hawangeweza kumwacha mkewe nje. Kwa imani ya namna hiyo mtu anastahili kwenda mbinguni, na alikwenda.

Lakini kabla ya hapo nieleze jambo moja, msije mkadhani yule mama alikuwa ulimi tu.

Palikuwa na jirani yetu aliyeeneza habari kwamba ndani ya chatne mna dawa. Kwamba mchungaji mzima hawezi kukaa kimya namna ile mbele ya mke bila kuwekewa kitu. Habari hizo zilizunguka soko zima zikarudi michongomani. Mama Mchungaji alizisikia, akasema, "Yoo! Ningekuwa na dawa ya kumshika mwanaume, ningemshika kwanza akajenge." Halafu yule jirani akaungua. Sufuria la maji ya moto lilimpindukia miguuni, na mume wake alikuwa machimboni, na dada zake walikuja siku ya kwanza kulia, wakaondoka na kilio chao.

Mama Mchungaji alihamia pale. Alifua, alipika, alisafisha vidonda asubuhi na jioni, na wakati wote huo hakuacha kumtukana. "Nyanyua mguu, mchawi wewe. Kunywa uji, una dawa, nimeitia mwenyewe. Oya, usilie, ulivyokuwa unanisema sokoni hukulia." Yule mwanamke alilia, akacheka, akanyanyua mguu. Alipopona alianza kumsifu kila mahali, na Mama Mchungaji alikereka kuliko alipokuwa akisingiziwa. Na mimi siku moja nilipojaribu kumsema yule jirani, nikidhani nafurahisha, alinigeukia. "Fundi, huyo ni wangu wa kutukana. Wewe tafuta wako."

Mchungaji alifariki akiwa anajiandaa kwenda Nyabibuye kuhubiri. Alikuwa amekaa kitandani anafunga kamba za viatu. Mkewe alimkuta kiatu kimoja kimefungwa. Alikifunga cha pili kwanza, ndipo akaita watu.

Mazishi yalikuwa makubwa. Tuliimba mpaka sauti zikatukauka. Wazee walizungumza mmoja baada ya mwingine, wakasema kanisa halitamsahau mjane. Mmoja alilia mpaka akashikiliwa. Kila aliyesema aligusia ukarimu wa nyumba ile na samaki wa mchungaji. Mama Mchungaji alikaa kwenye mkeka, kanga kichwani, na sikumwona akilia hata kidogo mpaka kila mtu alipoondoka, akaingia jikoni, akakuta makaa yamelowa. Hapo akakaa chini kwenye majivu.

Kanisa halikumsahau mjane. Lilimkumbuka upesi sana. Tulikuwa ndiyo kwanza tumemaliza kuondoa msiba, wazee wanne wakaja wakiongozwa na mwenyekiti wao, Biblia kwapani. Siku hiyo nilikuwa jikoni kwake namsaidia, kwa hiyo hili sikulisikia kupitia michongoma, nililiona kwa macho. Alikuwa na kuhe wawili wavuni. Aliwakaribisha. Akawanawisha. Wakala. Mwenyekiti aliulizia kichwa cha samaki, akapewa kichwa. Chatne iliisha, ikaongezwa, ikaisha tena. Kisha kila mmoja akamtazama mwenzake, kila mmoja akijifuta mdomo ambao ulikuwa umeshafutwa.

Mama Mchungaji akakaa kwenye kigoda mbele yao. "Mmeshiba?"

"Tumeshiba, Mama. Mungu akubariki."

"Basi semeni sasa. Mtu mwenye njaa hawezi kumfukuza mwenzake vizuri."

Mwenyekiti akaanza kukohoa. Akasema hakuna anayefukuzwa. Akasema neno kufukuza ni zito. Akasema kuna utaratibu, na utaratibu ni utaratibu, na mchungaji mpya anafika mwisho wa mwezi, ana mke na mtoto mchanga, na nyumba kama tunavyojua ni moja, na kanisa linampenda Mama sana, na upendo huo utaendelea mahali popote atakapokuwa.

"Popote," akasema Mama Mchungaji.

"Popote, Mama."

"Ego, sawa. Na nyinyi mmejua popote ni wapi?"

Hakuna aliyejua popote ni wapi. Mzee mmoja, yule wa bizari, akafungua Biblia atafute mahali pa kusoma, na Mama Mchungaji akanyoosha mkono akaifunga taratibu. "Oya, baba. Una mafuta vidoleni. Nenda kanawe."

Nilitarajia awamwagie makaa. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshika koleo la moto. Yeye aliinuka akawafungia samaki aliyebaki kwenye majani ya mgomba, mmoja mmoja, wawapelekee wake zao, na wakampokea. Hilo ndilo lililonishinda kuelewa mpaka leo. Wakampokea, wakatoka naye kwapani pamoja na Biblia, na mwenyekiti alipofika kwenye geti akageuka akasema asante. Kwa mara ya kwanza alimwambia yeye mwenyewe.

Aliporudi jikoni aliyafunika makaa kwa majivu. "Wake zao hawakunifukuza," aliniambia, kabla sijauliza. Kisha akakaa, akavuta sahani ya miiba aliyoacha mwenyekiti, akaitazama. "Kichwa hakukimaliza. Mtu hawezi hata kula kichwa vizuri, anataka kuongoza kanisa."

Tulimfanyia sherehe ya kumuaga. Kwaya tuliimba wimbo wa safari, ule ambao huwa tunauimba mazishini, kwa sababu ndio tulioujua vizuri. Akina mama tulimpa kanga mbili. Kamati ikampa zawadi rasmi, imefungwa kwa karatasi la kung'aa. Aliifungua mbele ya watu wote: saa ya ukutani. Aliigeuza, akaiangalia nyuma, mahali pa kuning'iniza. Watu walingoja hotuba. "Nawashukuru," akasema. "Sasa nimebakiza ukuta tu."

Watu wengine walipiga makofi.

Aliyempa ukuta ni yule mama Mwislamu wa Kasulu, ambaye sasa alikuwa bibi kizee na mjane vilevile. Aliposikia habari alipiga simu mara moja tu, akasema kuna chumba uani na kibaraza mbele ya duka, na jiko la mkaa liko palepale. Hakuita kikao. Mama Mchungaji aliondoka na basi la asubuhi, masufuria juu ya keria, wavu wa kubanikia ameushika mkononi kama mwavuli. Alikataa tumsindikize hadi stendi. Alisema waliomsindikiza wanatosha.

Mchungaji mpya akafika na mke wake. Binti mdogo, mpole, mwenye macho makubwa, aliyesoma mambo ya ualimu wa chekechea na asiye na kosa lolote duniani isipokuwa kwamba hakujua kubanika samaki. Na wazee wakaja, Jumapili ya kwanza, na Biblia zao. Akawapa chai na mikate. Jumapili ya pili akawapa maharage. Jumapili ya tatu akajaribu samaki, na moshi ulivuka ua ukaja kwangu ukiwa mweusi, na nikajua.

Hapo ndipo wazee walipogundua hazina waliyokuwa nayo. Ghafla hawakuisha kumsifu Mama Mchungaji wa zamani. Waliketi sebuleni kwa yule binti wakisimulia kuhe wa zamani, chatne ya zamani, jinsi alivyonawisha mikono, jinsi nyumba ile ilivyokuwa. "Yule alikuwa mama," alisema mwenyekiti akichokonoa meno. Nilimshonea yule binti gauni la Pasaka, na kila alipokuja kupima kiuno kilikuwa kimepungua. Siku moja aliniuliza, akijifanya anatazama vitambaa, "Dada fundi, huyo Mama, Kasulu anakaa mtaa gani?"

Nikamwambia. Sikulifikiria tena.

Mwaka huu, baada ya mvua za masika, nilikwenda Kabanga kumwangalia mjomba wangu aliyelazwa. Nikashuka Kasulu kwanza, maana siwezi kupita Kasulu bila kumwona, na sikuhitaji kuulizia njia: nilifuata moshi. Kibarazani kulikuwa na meza zimejaa. Madereva wa malori, walimu, wenye maduka waliotoka msikitini, masista wawili wakila kimya kwa bidii. Mama Mchungaji alikuwa kwenye kiti, mguu mmoja juu ya kigoda. Goti lilikuwa limemvimba. Aliniona, akanitazama kuanzia kichwani.

"Fundi. Bado unavaa hiyo sketi?"

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Kaa. Umekonda, au kitambaa ndicho kimenepa?"

Nikakaa. Ndipo nilipomwona aliyesimama kwenye jiko, amejifunga kanga kiunoni, jasho linamtiririka, unyoya wa kuku mkononi. Ni yule binti. Mke wa mchungaji wetu. Aliponiona alishtuka nusura autumbukize unyoya motoni. Mtoto wake alikuwa amelala mgongoni kwa yule bibi kizee mwenye duka, ambaye alikuwa akihesabu sabuni rafuni na kumuimbia.

"Nyumbani nimeaga nakwenda semina ya akina mama," akasema binti, haraka.

"Na ni kweli," akasema Mama Mchungaji. "Akina mama tupo watatu. Na mada ipo motoni. Mtazame huyo kuhe, usimtazame Fundi."

Nilikula. Samaki alikuwa sawasawa, ngozi imekauka, nyama inateleza. Chatne ilinitoa machozi. Niliuliza nani amepika, nikaambiwa, na binti akainama kuficha meno. Alikuwa anakuja kila siku ya gulio, kumbe, tangu mwaka jana. Wanapika chatne pamoja kwenye sufuria kubwa, wanaijaza kwenye makopo, na yeye anarudi nayo Kibondo kuiuza madukani bila kusema imetoka wapi. Mteja wake mkubwa, akasema, ni mke wa mwenyekiti wa wazee.

Alipokwenda kuhudumia masista nikamwinamia Mama Mchungaji. Swali lilikuwa limenikaa kooni kuliko mwiba. "Mama, huyu ndiye aliyekalia nyumba yako. Unamfundisha ili wale wazee waendelee kula?"

Alinyoosha ule mguu mbovu, akaukunja, akaunyoosha tena.

"Alikuja hapa analia," akasema. "Amekuja kuniomba nimfundishe ili wazee waache kumsema. Nikamwambia, mwana wanje, mwanangu wewe, hilo halifundishiki. Wazee watakusema ukibanika, watakusema ukiunguza. Nikamuuliza mumewe amejenga? Akaniambia, mume wangu anasema nyumba ipo." Akageuka kunitazama, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hapakuwa na mzaha usoni mwake. "Fundi, nilikaa jikoni mle maisha yangu yote. Siku ya kutoka nilikuwa na wavu na masufuria. Huyu bado ana miguu."

Kisha akampigia binti kelele aache kuwaongezea masista chatne ya bure, kwani wao wameapa ufukara, si yeye.

Nilipoaga nilifungiwa samaki wa kumpelekea mjomba. Nikasema mgonjwa amekatazwa pilipili. Mama Mchungaji akaweka kijaluba cha chatne palepale. "Asile. Akae nayo karibu, apate sababu ya kupona."

Binti alinisindikiza mpaka kwenye pikipiki. Tulipofika pembeni akanishika mkono. Akaniambia kaka yake amemkatia kipande cha shamba Busunzu. Msingi umeshakaa. Vyumba viwili na jiko la nje, matofali yamechomwa, amebakiza mbao na bati.

"Na Mchungaji anasemaje?"

Akacheka, akafuta jasho kwa pindo la kanga. "Hajui. Mama amenikataza nisimwambie mpaka bati lipande. Amesema mume wangu ana kipawa cha kuamini mambo yasiyoonekana, nisimharibie. Mimi nishughulike na yanayoonekana."

Kutoka kibarazani sauti ikapasua moshi, ikimwita arudi, samaki anaungua. Alikimbia.